Yai Viza Lina Ushahidi Wake

Nawaandikia wasomaji wa ukurasa huu habari ya mayai ya kuku. Najua wapo watakaotabasamu, kwani hapa tumezoea kusoma habari za ndoa, malezi na mirathi. Lakini mayai haya yalinitia katika dhambi ya ulimi dhidi ya jirani yangu, na njia ya kutoka humo ilinifunza ufugaji na ikanikumbusha dini yangu. Nimeona nisiyafiche. Wengi wetu siku hizi wamenunua mashine za kuangulia vifaranga, na kila mwenye mashine ninayekutana naye ana lalamiko lile lile: ametia mayai hamsini, amepata vifaranga kumi.

Mwaka jana, kaskazi ilipoanza kuvuma, niliazimia kufuga kuchi nyuma ya nyumba yetu hapa Malindi. Kuchi hahitaji kuelezwa sana kwa watu wa mwambao. Ni kuku wetu wa tangu zama, kuanzia Lamu hadi Unguja na Pemba: mrefu wa miguu na shingo, mzito wa mwili, na undu wake ni mfupi, umelala kichwani. Zamani wapo waliomfuga kwa ajili ya kumpiganisha, jambo ambalo dini yetu inalikataza. Leo anatafutwa kwa nyama yake na kwa mbegu yake, na jogoo aliyekomaa huuzwa kwa bei ambayo kuku wa kawaida haifikii. Ila kuchi si mwingi wa kutaga, kwa hiyo wanaotaka vifaranga vyake ni wengi kuliko vifaranga vyenyewe. Nikaona kwamba hapo pana mlango wa riziki ya halali.

Nikanunua mashine ndogo ya mayai 56, yenye feni ndani na vihori viwili vya maji chini. Mayai nikayapata kwa jirani yetu, mama mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye amefuga kuchi tangu alipokuwa msichana. Aliniuzia yai moja kwa shilingi 50. Na kabla sijatia hata yai la kwanza katika mashine, watu watano walikuwa wamekwisha nipa arubuni ya vifaranga 40. Nilizipokea fedha zile kwa furaha, na sehemu yake nikalipia ada ya shule ya binti yangu. Kuuza kisichokuwa mkononi mwako kuna hukumu yake kwa wenye elimu, na mimi sikumwuliza yeyote. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Mkupuo wa kwanza nilitia mayai 42. Siku ya ishirini na moja ilifika, ya ishirini na mbili ikapita, na waliotoka ni 9. Nikajifariji kwamba mkono mgeni hukosea. Mkupuo wa pili nikatia mayai 48, nikafuata kijitabu cha mashine neno kwa neno, nikajaza vihori vyote viwili tangu siku ya kwanza, nikageuza mayai asubuhi, adhuhuri na usiku. Waliotoka ni 11. Mayai yote yaliyobaki, katika mikupuo yote miwili, niliyafukia chini ya mpapai bila ya kuyatazama. Hilo lilikuwa kosa la pili, na nitalirudia hapa chini kwa sababu ndilo lililozaa la tatu.

Wenye arubuni wakaanza kupiga simu. Mmoja wao alikuwa kijana aliyeweka akiba ya miezi kadhaa kutokana na kazi ya bodaboda, na alitaka vifaranga kumi aanze ufugaji wake. Aliniuliza kwa adabu, “Ami, tuseme lini?” Sikuwa na jibu. Na mtu asiye na jibu hutafuta wa kumtupia lawama.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tukiwa barazani, mtu akaniuliza habari ya kuku. Nikasema, na walionisikia ni zaidi ya wanane, kwamba mama yule ananiuzia mayai yasiyo na mbegu. Kwamba siku ya saba nikiyamulika kwa tochi naona nusu yake yana duara jekundu tu, hayana kitu. Kwamba pengine anachanganya mayai ya dukani na ya kuchi. Nilisema “pengine”, nikidhani neno hilo litaniokoa. Asubuhi ya pili maneno yalikuwa yamekwisha zunguka mtaa mzima bila ya “pengine” yake. Wanunuzi wawili waliokuwa wakichukua mayai kwake kila wiki wakaacha. Kwa mjane anayenunua unga kwa fedha ya mayai, wanunuzi wawili si jambo dogo.

Hakuja kugombana. Alimtuma mjukuu wake aniite. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka ukumbini, nikamwamkia, akaitika, akanikaribisha kahawa. Kisha akasema, “Mwanangu, nimesikia. Sitakuapia, maana kiapo si cha mayai. Kesho nitakusanya mayai 22 ya wiki hii. Wewe utachagua kumi na moja yako, uyatie katika sanduku lako. Kumi na moja yatakayobaki nitamwekea koo wangu aliyekwisha kulalia. Siku ya ishirini na moja tutahesabu.”

Nilikubali haraka, na naona haya kusema kwamba nilichagua makubwa.

Binti yangu, ambaye yuko sekondari, alilichukua jambo hili kama somo la shule. Aliyapima mayai yangu kumi na moja kwa mizani ya jikoni, yakawa gramu 506, akaandika daftarini. Siku ya kumi na nane, siku ya kuacha kuyageuza, akayapima tena: gramu 478. Mimi sikuona maana ya hesabu hiyo.

Siku ya ishirini na moja, kwa mama vilitoka vifaranga 10 katika mayai 11. Kwangu vilitoka 3.

Nilisimama mbele ya mashine nikijua kwamba hoja yangu imekwisha. Mayai ni ya kuku wale wale, wa jogoo yule yule, na yametagwa wiki ile ile. Ila ningeli bado nafukia yale manane chini ya mpapai kama desturi yangu, kama si binti yangu kusema, “Baba, tuyavunje kwanza tuone yamekufa lini.”

Hapa ndipo ninapotaka kila mwenye mashine asome taratibu. Yai lililoviza halinyamazi. Ndani yake mna habari ya siku lilipoharibika, na siku hiyo ndiyo inayokuonyesha kosa liko wapi. Tuliyavunja uani, ndani ya mfuko mmoja mmoja, kwa kuwa yai lililooza huweza kupasuka, na tukanawa vyema baadaye. Moja lilikuwa jeupe, kiini kizima, hakuna kilichoanza. Mawili yalikuwa na duara la damu. Matano yaliyobaki yalikuwa na vifaranga kamili: manyoya yametimia, mdomo umeumbika, kucha zimetoka. Vilikuwa vimevimba na kulowa, na ute mzito umewafunika pua. Chumba cha hewa upande wa kichwa cha yai kilikuwa kidogo mno.

Binti yangu alifungua daftari lake. Alieleza kwamba yai linapoatamiwa ni lazima lipoteze maji kidogo kidogo kupitia matundu ya kaka lake, ili chumba cha hewa kikue. Kifaranga kabla ya kutoboa kaka hutoboa kwanza kuingia katika chumba hicho, na humo huvuta pumzi yake ya mwanzo. Hadi siku ya kumi na nane yai hutakiwa kuwa limepungua kiasi cha asilimia 12 au 13 ya uzito wake. Mayai yetu ya gramu 506 yalipaswa kupungua kama gramu 60. Yalikuwa yamepungua 28 tu. Vifaranga vile vitano vilizama katika maji ambayo hayakupata njia ya kutoka.

Kwa nini? Kwa sababu kijitabu cha mashine hakikuandikiwa Malindi. Kiliandikwa kwa mtu anayeishi mahali penye hewa kavu, ambaye asipojaza vihori vyote viwili mayai yake yatakauka. Hewa yetu ya pwani inabeba maji tangu alfajiri. Nguo tukianika zinajua. Mimi juu ya unyevu wa bahari nilikuwa naongeza unyevu wa vihori viwili, tangu siku ya kwanza.

Na kipimo cha unyevu, je? Kilikuwa kikinionyesha 55, nikatulia. Tukakijaribu kwa chumvi, na jaribio hili ni rahisi, kila nyumba inaliweza. Tia chumvi ya jikoni katika kizibo cha chupa, itone maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, uache usiku kucha pasipo jua. Hewa ya ndani ya mfuko hufikia unyevu wa asilimia 75. Kipimo changu asubuhi kilisema 61. Maana yake ni kwamba kiliposema 55 ukweli ulikuwa karibu na 70, unyevu unaofaa siku tatu za mwisho peke yake. Kipimajoto nacho tulikilinganisha na kile cha kupimia homa ndani ya maji ya vuguvugu, nacho hakikuwa na kosa la kutaja, nyuzi 37.5 zake zilikuwa za kweli.

Nikadhani tumemaliza. Binti yangu akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nainamisha kichwa. “Baba, yale ya mikupuo ya mwanzo uliyosema hayana mbegu, si ulisema yana duara jekundu? Kama hayakuwa na mbegu, damu ilitoka wapi?”

Yai lisilo na mbegu hubaki jeupe hata ukilimulika siku ya kumi na nane. Pete ya damu haiji ila pale ambapo uhai umeanza, mishipa imetandaa, kisha kijusi kikafa na damu ikajikusanya pembeni kama pete. Kile kitu nilichokwenda nacho barazani kuwa ni ushahidi dhidi ya mama, kilikuwa ni ushahidi wake yeye. Jogoo wake alikuwa amefanya kazi. Aliyeua ni mimi.

Lakini nilivyoyaua, nilikuwa bado sijui. Nilivaa kanzu nikaenda kumtaka radhi. Yapo makosa ambayo mja huyamaliza baina yake na Mola wake kwa kutubu, na yapo yenye haki ya mtu ndani yake, nayo hayamaliziki mpaka mwenye haki arudishiwe au asamehe. Surat Al-Hujurat, ambayo wengi wetu tuliifundishwa chuoni tukiwa wadogo, inatuonya juu ya kuthibitisha habari kabla ya kuwadhuru watu, na inatuonya juu ya dhana. Nilikuwa nimeivunja sura hiyo mara mbili kwa usiku mmoja wa baraza.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, “Mimi nimekusamehe. Ila nilichopoteza hakiko kwangu, kiko barazani. Kakirudishe ulipokiacha.” Kisha, kama kwamba jambo limekwisha, akaniuliza, “Yale ya mwanzo uliyaweka wapi kabla ya kuyatia katika sanduku?”

Nikamwambia ukweli. Mkupuo wa kwanza na wa pili niliyakusanya kidogo kidogo kwa zaidi ya wiki mbili ili nijaze mashine, na niliyaweka juu ya kabati la jikoni, karibu na jiko. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akanyanyuka, akanionyesha pembe ya ukumbi ambako mtungi wake wa maji umekaa juu ya mchanga. Pembeni mwa mtungi, juu ya mchanga ule ule ambao maji yanaouchuruzikia huufanya uwe baridi, palikuwa na kikapu, na ndani yake mayai manane, ncha nyembamba chini, kila moja lina alama ya mkaa ya siku lilipotagwa. “Yakifika siku saba na sijapata koo wa kulalia,” alisema, “hayo ni ya kuliwa.”

Sikupata kuona chumba cha baridi kilichotengenezwa kwa akili zaidi ya kile. Yai lenye mbegu hulala usingizi mahali pa baridi, na joto la nyuzi 15 hadi 18 ndilo linalolifaa. Joto likipita nyuzi 20 na kidogo, uhai wa ndani huanza kuamka. Katika miezi ya kaskazi jikoni mwetu hufika nyuzi 30 na zaidi: si baridi ya kulala, wala si joto la kuatamia. Mayai yangu yaliamka nusu, yakakaa hivyo siku kumi na nne, yakiingia katika mashine yamechoka, na siku ya tatu au ya nne yakafa. Pete zile za damu ndiyo habari yake.

Nilimwuliza pia habari ya jogoo. Alisema kila mwaka hubadilishana jogoo na ndugu zake wa Lamu, ili jogoo asije akawapanda binti zake, na kwa jogoo mmoja haweki zaidi ya matetea wanane. Hajasoma popote kwamba kuzaliana kwa kuku wa damu moja hupunguza mayai yanayoanguliwa na kudhoofisha vifaranga. Alimwona mamake akifanya hivyo.

Usiku ule nilisimama barazani baada ya Isha, nikangoja mpaka watimie wale waliokuwapo siku ya kwanza, nikasema niliyoyasema si kweli, nikaeleza habari ya pete ya damu na ya maji. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mmoja wa wale wanunuzi wawili alirudi kwa mama kesho yake; wa pili alikwisha pata mayai kwingine, na huyo sikuweza kumrudisha. Wenye arubuni niliwarudishia fedha zao, wengine kwa mafungu, na kijana wa bodaboda nikamtanguliza.

Mkupuo wa nne ulikuwa wa mayai 40, yote ya siku saba kurudi chini, yaliyolala juu ya mchanga. Kihori kimoja nilikijaza nusu, cha pili nikakiacha kikavu hadi siku ya kumi na nane, ndipo nikavijaza vyote na kuufunga mlango nisiufungue tena hadi vifaranga vilipokauka. Umeme ulipokatika usiku mmoja niliifunika mashine kwa mablanketi, nikaacha matundu ya hewa wazi. Vilitoka vifaranga 31. Yale tisa tuliyavunja yote: manne meupe, mawili yenye pete, matatu yaliyokufa karibu na kutoka. Niliyaandika daftarini, na daftari hilo sasa hukaa juu ya mashine.

Kwa hiyo, ndugu yangu, dada yangu, mayai yako yakikataa, usiyafukie na usimtaje mtu. Yavunje. Yakiwa meupe, mtazame jogoo: umri wake, wingi wa matetea wake, joto la banda lake. Yakiwa na pete ya damu, jiulize yalikaa wapi na kwa siku ngapi kabla ya kuatamiwa, na kama joto la mashine lilipanda na kushuka. Yakiwa na kifaranga kamili kilicholowa, punguza maji. Yakiwa na kifaranga kilichokauka na kunata katika utando, ongeza. Na kama unaweza, siku zote mwekee koo mmoja mayai machache ya mkupuo huo huo. Yeye atakuambia kama kosa ni la yai au ni lako.

Kijana wa bodaboda alichukua vifaranga vyake kumi vya mkupuo huo, akalipa vikiwa mkononi mwake. Kimoja hakikuwa na nguvu nikamzidishia kingine. Na mayai bado nayanunua kwa mama, nyumba ya tatu kutoka kwetu, shilingi 50 kila moja. Mwenyezi Mungu atuhifadhi na ndimi zetu, awape wafugaji wetu baraka katika kazi ya mikono yao, na awalinde wajane wetu na madhara ya maneno yetu. Amin.